Kiingilio cha Tano

Mchezaji chipukizi wa pool anayetaka kuishi kwa fimbo yake hukipata kiingilio cha kwanza bila taabu kubwa. Ndugu watachanga, mwenye baa atatoa chochote, na yule jamaa aliyemshuhudia akisafisha meza Jumamosi usiku atamwambia, “Wewe nenda, pesa isikutishe.” Shida iko kwenye kiingilio cha tano. Kufikia hapo ameshatolewa mapema mara nne, ndugu hawapokei simu, na jamaa wa Jumamosi amehamia baa nyingine. Kiwango chake hakijashuka hata kidogo. Kilichoisha ni mpango wa fedha, ambao kwa kweli haukuwahi kuwa mpango.

Mfano nauchukua Marekani na Ufilipino. Huko ndiko pool ya kulipwa ilikokomaa katika mashindano ambayo mchezaji hujilipia kiingilio, nauli na chumba, na ndiko njia za kuzipata fedha hizo zilikojaribiwa kwa muda mrefu, njia nzuri na mbovu pia. Kabla ya kuzitazama, inabidi tujue ukubwa wa tatizo lenyewe, na hapo hakuna jinsi ila kupiga hesabu.

Tuseme mashindano yana watu 128 na ni ya mtoano. Bingwa lazima ashinde mechi saba mfululizo. Mchukue mchezaji mzuri kweli, ambaye katika kila mechi ana asilimia 60 ya kushinda, yaani anaingia kila meza akiwa ndiye anayepewa nafasi kubwa. Zidisha 0.6 kwa yenyewe mara saba: unapata chini kidogo ya asilimia 2.8. Mtu huyu, aliye bora kuliko kila anayekutana naye, atatwaa kombe takriban mara moja katika mashindano 36. Mara nyingine zote atarudi nyumbani na zawadi ndogo au mikono mitupu. Mwenye mtaji asiyeijua hesabu hii akiona safari nne zimekwenda bure hudhani kijana anakesha kwenye starehe. Inawezekana anakesha, lakini safari nne tupu peke yake hazithibitishi lolote.

Kinachoongeza ukali ni ufupi wa mechi. Mchezaji akiwa na asilimia 55 ya kushinda kila gemu, mechi ya kuwahi gemu 5 ataishinda mara 62 katika 100. Mechi ya kuwahi gemu 100 ataishinda takriban mara 92. Tofauti ya uwezo ni ileile, kilichobadilika ni urefu. Mashindano yenye watu wengi na meza chache hulazimika kucheza mechi fupi, na mechi fupi humpa mchezaji dhaifu nafasi ya kumwangusha aliye bora. Mtazamaji hufurahia mambo hayo. Aliyelipa kiingilio halali usingizi.

Hapa ndipo unapoona kwa nini wenye fedha wa zamani walipendelea mechi ndefu za watu wawili, kila upande ukiweka dau lake, kuliko mashindano. Desemba 1996, huko Hong Kong, Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walicheza siku tatu mechi ya kuwahi gemu 120, mshindi akichukua dola 100,000. Reyes alishinda 120 kwa 117. Kwa urefu ule, kama mmoja wao angekuwa amemzidi mwenzake kwa asilimia 55 kwa 45, angeshinda mara 94 katika 100, na kwa kawaida angeshinda kwa mbali. Gemu tatu baada ya gemu 237 zinakwambia kwamba walikuwa karibu sawa, na kwamba yeyote aliyeweka fedha yake upande mmoja alikuwa amerusha shilingi hewani, tena kwa siku tatu.

Reyes mwenyewe alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake jijini Manila, akilala juu ya meza. Mwaka 1985 alikwenda Marekani na kucheza kwa jina la Cesar Morales, kwa sababu sifa zake zilikuwa zimeshatangulia, na mtu mwenye sifa hapati wa kuweka naye dau. Akashinda mashindano ya Red's mjini Houston kwa jina hilo la kuazima. Simulizi hii hupendwa kwa ujanja wake, ila mimi huiona kama somo la fedha. Kwa mchezaji wa zama zile, mechi za dau zilikuwa chanzo cha mtaji na mashindano yalikuwa matumizi. Siku alipojulikana, chanzo kilikauka, na kuanzia hapo alihitaji mtu wa kumlipia.

Mtu huyo wengi tunamjua kupitia filamu. Katika The Hustler ya mwaka 1961, Bert Gordon anakubali kumpa mtaji Eddie Felson kwa sharti la kuchukua asilimia 75 ya ushindi. Watazamaji humwona Bert ni mnyonyaji. Labda ni kweli, tabia yake haisaidii. Lakini ukiuliza hasara inaangukia kwa nani, asilimia zile zinaanza kuwa na maana: Eddie akishindwa, fedha yote iliyopotea ni ya Bert. Hoja ya kubishania ni namna hasara za jana zinavyoingia kwenye faida ya leo, na hapo ndipo mikataba mingi ya kweli huvunjika.

Tuitazame kwa karibu. Mchezaji anakwenda mashindano matano. Kila safari, ukijumlisha kiingilio, nauli na chumba, inagharimu dola 1,500, hivyo msimu mzima ni 7,500. Matokeo yake: hakuna kitu, hakuna kitu, dola 800, hakuna kitu, kisha safari ya mwisho anafika mbali na kupata 9,000. Jumla ya zawadi ni 9,800, na faida ya msimu ni 2,300. Msimu mzuri.

Kwa mkataba wa kwanza, ambao ndio wa kawaida pale watu wanapokubaliana kwa mdomo, kila safari inahesabiwa peke yake: gharama inatolewa kwanza, kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu. Safari ya kwanza, ya pili na ya nne, mwenye mtaji anapoteza 1,500 kila moja. Ya tatu anapoteza 700. Ya tano inabaki 7,500, kila mmoja anachukua 3,750. Hesabu ya mwisho: mchezaji amepata 3,750, na mwenye mtaji amepoteza 1,450. Wawili hawa wametengeneza faida pamoja, halafu aliyeleta fedha ndiye aliyeumia. Hataonekana tena, na huwezi kumlaumu.

Mkataba wa pili unabeba deni. Hasara za nyuma zinalipwa zote kabla ya mtu kugawiwa chochote. Basi 2,300 inagawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja 1,150. Ni haki, lakini mtazame mchezaji baada ya safari ya nne. Amezama kwa dola 5,200. Anajua kwamba akipata zawadi ya 3,000 au 4,000 safari ijayo hataona hata senti. Anacheza kwa ajili ya kulipa deni la mtu mwingine, na mkono unaocheza hivyo huwa mzito. Kishawishi kinachofuata ni kumkimbia huyu na kutafuta mwenye mtaji mpya asiyejua habari za deni. Wachezaji wenye vipaji vikubwa wameingia kwenye mzunguko huo, wakihama mfuko hadi mfuko, hadi mjini hakubaki mfuko ambao hawajauchimba.

Wasomaji wa pwani watakuwa wameshatambua sura ya mkataba huu wa pili. Ni mudharaba: mmoja analeta mali, mwingine kazi, faida inagawanywa kwa fungu lililokubaliwa, hasara inakula mali na mfanyakazi anapoteza jasho lake, na faida haihesabiwi mpaka rasilimali irudi. Tofauti ni kwamba mfanyabiashara wa mudharaba alikuwa na bidhaa ya kuuza hata soko likiwa baya. Mchezaji wa pool aliyetolewa raundi ya kwanza hana hata mzigo wa kurudi nao.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiona bora kwa chipukizi, na imetumika zaidi kwa wacheza karata wa poker kuliko watu wa pool. Mchezaji anauza hisa za msimu mzima badala ya kutafuta mfadhili mmoja wa kila safari. Gharama ya 7,500 inagawanywa hisa 100 za dola 75. Yeye anabaki na 40, na 60 anaziuza kwa dola 90 kila moja, ile 15 ya juu ikiwa ni malipo ya kazi yake, kwa kuwa wenye hisa hawatashika fimbo. Anakusanya 5,400 na kutoa mfukoni mwake 2,100. Zawadi zikiwa 9,800, kila hisa inalipa 98. Aliyenunua kwa 90 ametengeneza kidogo, na wote kwa pamoja wamepata 480. Mchezaji, akitoa 2,100 zake katika 3,920 za hisa 40, amepata 1,820.

Linganisha. Katika mkataba wa kwanza mchezaji alipata nyingi zaidi lakini alimpoteza mfadhili. Katika wa pili alibaki na mfadhili na kupata 1,150. Katika wa tatu amepata zaidi ya wa pili, hakuna aliyeumia, na fedha ya safari ya tano ilikuwa imeshalipwa kabla ya safari ya kwanza. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Kama angekuwa anachangisha safari kwa safari, baada ya ya nne asingepata mtu, na zile 9,000 zingechukuliwa na mwingine.

Sharti la njia hii ni kwamba mchezaji awe na 2,100 zake. Wasio nazo watasema ndiyo maana wanatafuta mfadhili, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini asiyeweza kuweka chochote apunguze safari, acheze mbili za karibu badala ya tano za mbali, kuliko kuuza hisa zote 100. Mtu asiye na chake ndani huanza kuyaona mashindano kama matembezi.

Kuna njia nyingine maarufu Marekani, ya mnada wa kalkuta, jina lililotokana na mji wa Kolkata huko India. Usiku wa kuamkia mashindano, wachezaji wananadiwa mmoja mmoja. Fedha zote za mnada zinaingia kwenye chungu, na walionunua wachezaji watakaoshika nafasi za juu wanakigawana. Kwa desturi, mchezaji anaruhusiwa kununua nusu yake kutoka kwa aliyeshinda mnada. Akinadiwa kwa dola 600, analipa 300 na nusu ya gawio ni yake. Kwa chipukizi asiyejulikana hapa pana fursa ya kweli, kwa sababu bei yake iko chini ya uwezo wake. Hatari nayo iko wazi: mtu mmoja akiwanunua wachezaji wawili wanaokutana nusu fainali, au mchezaji akiwa na hisa kwa mpinzani wake, mechi inaweza kuamuliwa kwenye maegesho ya magari. Isitoshe, sehemu nyingi sheria za kamari haziuruhusu mnada huu. Chipukizi asiujenge msimu wake juu yake.

Swali ambalo wachache huliuliza kabla ya kulipa kiingilio ni hili: fedha ya zawadi imetoka wapi? Chukua mashindano ya watu 64, kiingilio dola 100, na mwenye ukumbi anakata 10 kwa kila mtu. Kama hakuna aliyeongeza kitu, wachezaji wameweka 6,400 na watagawana 5,760. Kwa wastani, kila dola 100 inarudi ikiwa 90, maana yake kama kundi wameshashindwa kabla mpira haujapigwa. Mdhamini akiongeza 2,000, wastani unapanda hadi 121. Hata mchezaji wa kati ana sababu ya kwenda. Matangazo ya mashindano Marekani huandika kiasi kilichoongezwa mstari wa juu kabisa, na mchezaji makini husoma mstari huo kabla ya kutazama zawadi ya bingwa.

Kwa Mwislamu, swali hilohilo lina uzito mwingine. Mafakihi waliozungumzia mashindano ya farasi na mishale walitofautisha zawadi inayotolewa na mtu wa nje na ile inayochangwa na washindani wenyewe ili mmoja azoe zote. Hii ya pili wengi wao waliihesabu kamari. Kwa hiyo mashindano yanayojiendesha kwa viingilio vya wachezaji, na yale ambayo zawadi yake imetoka kwa mdhamini, si kitu kimoja kwa mujibu wao. Ubingwa wa dunia wa mipira tisa ulipofanyika Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2024, zawadi zilifikia jumla ya dola milioni moja na bingwa, Fedor Gorst, akaondoka na 250,000. Fedha kama hizo haziwezi kupatikana kwa viingilio vya watu 128.

Fedha ya mdhamini nayo ina hatari zake. Mwaka 2006 ziara ya mashindano ya pool iitwayo IPT iliahidi zawadi ambazo pool haikuwahi kuziona. Huko Reno, Nevada, Reyes alitwaa ubingwa wa dola 500,000. Baada ya hapo waandaaji wakatangaza kwamba hawawezi kulipa zawadi zote kwa mkupuo na kwamba zitatolewa kwa mafungu, na ziara yenyewe ikazimika. Mchezaji aliyekwenda kwa fedha ya mfadhili alijikuta pabaya: ameshinda, hesabu inaonyesha deni limelipwa, mfukoni hakuna kitu. Mkataba uliosema “nusu ya zawadi” bila kusema “iliyopokelewa” ulitosha kuvunja urafiki.

Wafilipino walilitatua tatizo la kiingilio cha tano kwa kulibadilisha upande. Badala ya mchezaji mmoja kutafuta wafadhili wengi, mfadhili mmoja alichukua wachezaji wengi. Aristeo Puyat, ambaye biashara ya familia yake ilihusu meza za biliadi na boling, alimsimamia Reyes na wenzake. Rudi kwenye ile asilimia 2.8. Kwa mchezaji mmoja ni jangwa. Mwenye wachezaji kumi wa kiwango hicho kwenye mashindano yaleyale ana karibu asilimia 28 ya kumpata bingwa, na hapo sijahesabu nafasi za pili, tatu na nne. Safari tupu ya mmoja inalipwa na wiki nzuri ya mwingine. Gharama yake ni kwamba wachezaji wawili wa mfuko mmoja wakikutana fainali, watazamaji wana haki ya kunong'ona.

Wamarekani wasio na tajiri wa namna hiyo walienda njia ya ligi. Mwaka 1981 wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha ligi ambayo leo inajulikana kama APA. Kila mwanachama hulipa ada ndogo kila wiki anayocheza, na timu zinazoshinda maeneo yao hufika hadi fainali za Las Vegas. Haimtengenezi bingwa wa dunia, ila inaonyesha kwamba mtu ambaye hawezi kutoa dola 500 kwa siku moja anaweza kuzitoa kwa mwaka bila kuona.

Kwetu Tanzania, Safari Pool iliyodhaminiwa na TBL kupitia bia ya Safari Lager ilizikutanisha klabu kuanzia mikoani hadi fainali za taifa. Ilitupatia wachezaji wazuri. Ilitupatia pia kizazi kilichozoea kwamba mdhamini ndiye anayejua gharama, na mchezaji kazi yake ni kuvaa fulana na kupiga. Mchezaji wa Temeke anayetaka kupima ubavu wake nje atakuta meza ni ya futi tisa na mipira ni tisa, wakati yeye amekulia kwenye meza ndogo za baa. Hilo atalizoea. Halafu atakuta kiingilio ndicho kitu cha bei nafuu kwenye orodha yake, chini ya nauli na viza.

Na atakutana na mkato ambao mikataba ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe haiutaji. Mgeni anayeshinda zawadi Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 palepale, isipokuwa kama nchi yake ina mkataba wa kodi unaompunguzia, na Tanzania na Kenya hazina mkataba wa aina hiyo na Marekani. Uchukue msimu wetu ule wa 9,800. Ukatwe 2,940, zinabaki 6,860, chini ya gharama ya 7,500. Msimu uliokuwa na faida ya 2,300 umegeuka hasara ya 640. Kila hisa iliyonunuliwa kwa 90 sasa inalipa 68.60, na wenye hisa wamepoteza 1,284, huku mchezaji, kwa sababu ya ile 15 ya juu, akibaki na faida ya 644. Anaweza kudai sehemu ya kodi irudi kwa kujaza fomu ya kodi ya Marekani, 1040-NR, na kuonyesha gharama zake. Kwa hiyo karatasi ya hisa iseme nani anajaza fomu hiyo, nani anatunza risiti za nauli na chumba, na kwamba kinachorudi kinagawanywa kwa hisa zilezile. Marejesho huja mwaka unaofuata, wakati ambapo huenda mchezaji ameshauza msimu mwingine kwa watu wengine kabisa.